Mita Moja Isiyoonekana

Kipaza sauti kinakoroma, kisha yanafuata maneno yaleyale ya kila siku: nguzo sitahani! Nguzo ni mche wa tope ambao meli ya kuchimba imeung'oa kwenye sakafu ya bahari.

Mafundi sita au saba wanatoka maabara. Kofia ngumu kichwani, miwani usoni, viatu vya ncha ya chuma miguuni. Wanajipanga kwenye ujia mrefu wa chuma kando ya mnara wa kuchimbia. Vijana wa mnarani wanawapokeza bomba jembamba la plastiki angavu, refu karibu mita kumi, nao wanalipokea mkono kwa mkono kama watu wanaoshusha mlingoti wa jahazi. Ndani yake kuna tope la kijivu lenye kuelekea ukijani, baridi, limebana kama ugali uliolala.

Linapimwa. Chombo kilizama mita 9.5 kwenye sakafu ya bahari. Tope lililomo ndani ya bomba lina urefu wa mita 9.9.

Asilimia 104.

Na bado kuna kama mita moja ya tope ambayo haimo.

Hesabu hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Ukikata kitambaa pima moja, ukakuta mkononi una pima moja na ziada, huwezi kulalamika kwamba umepunjwa. Kwenye meli ya kuchimba bahari kwa ajili ya sayansi, unapunjwa hivyo kila baada ya saa moja, na kazi kubwa ya watu waliomo ni kuitafuta ile sehemu waliyopunjwa. Sehemu nyingine zote, yaani mnara, winchi na maabara, nimeziona zikisimuliwa mara nyingi. Hii ya upungufu husimuliwa mara chache, labda kwa sababu haipendezi kwenye picha.

## Risasi ya mita tisa na nusu

Meli ninayoizungumzia ni JOIDES Resolution. Iliundwa mwaka 1978 kwa ajili ya kutafuta mafuta, ikageuzwa meli ya sayansi, na tangu 1985 hadi 2024 ilitembea bahari za dunia ikitoboa. Urefu wake mita 143. Katikati ya tumbo lake kuna kisima cha duara chenye upana wa mita 7, kilicho wazi hadi majini, na juu ya kisima hicho umesimama mnara unaofika mita 60 na kitu juu ya maji. Haikutia nanga. Propela 12 za ziada ziliisukuma huku na huku ili ibaki juu ya shimo.

Mabomba ya chuma huungwa matatu matatu, kila fungu karibu mita 29, yakashushwa kupitia kile kisima. Mahali penye maji ya mita 2,160 unahitaji mafungu zaidi ya 70 kabla hata hujagusa tope. Mwisho wa mabomba kuna jino la keekee lenye tundu katikati. Siri yote iko kwenye hilo tundu.

Kwa tope laini, hawachimbi ili kupata sampuli. Wanapiga.

Chombo chembamba, chenye bomba la plastiki ndani yake, huteremshwa kwa waya ndani ya mabomba mpaka kikae juu ya jino. Kimezuiwa na pini za chuma. Juu, pampu zinasukuma maji ya bahari ndani ya mabomba. Shinikizo linapanda, linapanda, mpaka pini zinakatika. Hapo chombo kinafyatuka kwenda chini mita 9.5 kwa sekunde chache, bila kuzunguka. Kwa kuwa hakizunguki, tabaka hazikorogwi: unaweza kukuta mstari mwembamba wa majivu ya volkano umelala sawasawa kama ulivyoanguka.

Mchimbaji hawezi kuona chochote kati ya hayo. Anachotazama ni mshale wa shinikizo. Ukishuka ghafla, chombo kimefika mwisho wa safari yake. Ukishuka polepole, kimekwama njiani: tope limekuwa gumu, au kuna mchanga, au jiwe. Ndipo anapoamua kama ataendelea kupiga au abadilishe kifaa achukue kile kinachokata kwa kuzunguka. Kuna hatari nyingine pia. Udongo mzito hukumbatia chombo, na kukivuta kwa nguvu kupita kiasi ni kukaribisha kukatika kwa chuma. Basi hutoboa kwanza pembeni yake, kukizunguka, mpaka udongo ukiachie.

Kisha keekee huteremka mita 9.5, na mchezo unaanza upya.

## Ziada hii, upungufu huu

Ziada ina maelezo mepesi. Tope lililokuwa limekandamizwa na kilomita mbili za maji na makumi ya mita za tope lenzake, ukilipandisha juu linapumua. Maji yaliyo katikati ya chembe hupanuka kidogo, na udongo wenyewe hunyooka kama sponji iliyoachiwa. Kukiwa na gesi ni zaidi: nguzo hupasuka kwa nyufa, husukuma vizibo, na mafundi hutoboa matundu madogo kwenye plastiki ili itoke. Mahali pa gesi nyingi watu huambiwa wasisimame kwenye mdomo wa bomba. Si mzaha, nguzo huweza kuchomoka kama risasi.

Upungufu ndio wenye mambo.

Meli inapanda na kushuka na mawimbi. Mnara una kifaa cha kufidia mwendo huo, lakini hakiufuti wote. Kwa hiyo pale ambapo mchimbaji anaamini jino limekaa, limekaa hapo kwa takriban tu. Risasi ya pili ikianzia nusu mita chini ya ilipoishia ya kwanza, nusu mita hiyo imesagwa na keekee na kupeperushwa na maji. Juu ya kila nguzo mpya huwa kuna uchafu ulioporomoka kutoka kuta za shimo: kokoto, majivu, vipande vya tabaka changa mahali pa tabaka kongwe. Chini ya nguzo, kama chombo hakikufika mwisho, kinapovutwa hufyonza tope kama bomba la sindano, na tope hilo lina mistari ya wima inayoonekana wazi kwamba si ya asili. Nalo huhesabiwa kwenye urefu!

Kwa hiyo ile asilimia 104 inachanganya tope halali, tope lililovimba na tope la kuokoteza.

Nini kimepotea? Kwenye tope linalojikusanya sentimita 3 kila miaka 1,000, mita moja ni zaidi ya miaka 33,000. Mhimili wa dunia unayumba, na njia yake ya kulizunguka jua nayo inageuka; kwa pamoja hufanya mzunguko wa miaka kama 21,000, na mzunguko huo ndio hutia na kupunguza nguvu za pepo za misimu, kusi na kaskazi, pamoja na mvua zake. Mita moja ikipotea, mzunguko mzima wa mvua na ukame umepotea. Na inapotea kila baada ya mita tisa na nusu.

Hilo si doa. Ni kitabu kilichochanwa ukurasa mmoja kila baada ya kurasa kumi, tena mchanaji amebandika namba mpya za kurasa ili usigundue.

## Kutoboa palepale mara tatu

Dawa yake ilionekana ya kijinga mwanzoni. Sogeza meli kama mita 20, utoboe shimo lingine. Kisha la tatu.

Ukiuliza kwa nini meli ya gharama kubwa namna ile ipoteze siku kadhaa kuchimba tope lilelile mara tatu, jibu ni hilo pengo. Lakini haitoshi kutoboa. Pengo za shimo la pili zikiangukia kina kilekile cha pengo za shimo la kwanza, umepoteza siku zako bure. Lazima katikati ya nguzo za shimo B iangukie kwenye pengo za shimo A. Kwa hiyo shimo B huanza kupigwa mita chache juu au chini ya lilipoanza A.

Yupo mtu mmoja katika kila zamu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Nguzo ikishakatwa hungojwa kama saa 4 ipate joto la chumba kabla ya vipimo vikuu. Yeye hangoji. Anaipitisha mara moja kwenye mashine ya haraka: pete inayopima jinsi tope linavyoitikia sumaku, na mionzi inayopima uzito wake. Inatoka mistari ya milima na mabonde. Anaweka mstari wa B kando ya mstari wa A, anautelezesha juu na chini mpaka milima ilingane, halafu anainua simu kwa mchimbaji: risasi ijayo, shuka mita moja na nusu kwanza.

Ana dakika chache. Akichelewa, risasi imeshapigwa.

Nami nilipofika hapa ndipo niliposhangaa kweli, maana miongoni mwa vitu vinavyomvuruga mtu huyu kuna kimoja ambacho mvuvi yeyote wa pwani yetu angemwambia: maji kupwa na kujaa. Mabomba hupimwa kutoka kwenye meli, na meli inaelea. Kwenye mwambao wa Afrika Mashariki, wakati wa bamvua, uso wa bahari hupanda na kushuka mita tatu hadi nne hivi. Nguzo moja ikipigwa maji yamejaa na ya pili yamekupwa, vina vyake vimepishana kwa kiasi hicho bila mtu yeyote kukosea kazi. Maji mafu yana nafuu. Basi mezani kwa mlinganishi wa nguzo, pembeni ya kompyuta, panakuwa na jedwali la maji.

Mwishowe anachagua: kipande hiki kutoka A, kinachofuata kutoka C, kile kutoka B, akivishona mpaka apate nguzo moja isiyo na pengo. Na nguzo hiyo ya kushonwa huwa ndefu kuliko kina kilichochimbwa, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 15, kwa sababu ya ule uvimbe na zile sehemu zilizorudishwa mahali pake. Vipimo viwili vya kina, vyote viwili sahihi, havilingani. Kila namba inayotoka melini lazima iseme ni ya kipimo kipi. Wanaosahau kusema ni wengi.

## Ugomvi wa sentimita kumi

Huko nje kwenye ujia, bomba la mita 9.9 linakatwa vipande vya mita 1.5. Vipande sita kamili na kimoja kifupi. Juu ya kila kipande hubandikwa kizibo cha buluu, chini kizibo kisicho na rangi, kwa asetoni inayouma pua.

Kuna kizibo cha tatu, cha manjano. Hicho humaanisha kwamba hapo kuna kipande kizima cha duara kimeondolewa.

Aliyekiondoa ni mkemia. Anataka maji yaliyomo kati ya chembe za tope, na maji hayo hayangoji. Anakwangua nje pote palipogusana na maji ya bahari ya pampu, anatia kilichobaki kwenye kikamulio cha chuma, anakikandamiza kwa mashine ya haidroliki, na tone kwa tone yanatiririka kwenye sindano. Sentimita 5 hadi 10 za historia zinageuka keki kavu.

Mlinganishi anaziona sentimita hizo kama shimo kwenye shuka lake. Mkemia anamwona mlinganishi kama mtu anayelinda rangi za tope. Wote wana haki. Suluhu ya kawaida ni kwamba mkemia anachukua kwa wingi kwenye shimo A, na nguzo za B na C zinaachwa zikiwa kamili. Shimo la kwanza ni la kutolewa sadaka.

Mkemia mwingine anachukua kijiko kimoja tu, kama sentimita 5 za ujazo, kwenye chupa iliyofungwa, anaipasha moto na kupima gesi. Huyu hakuna anayemgombeza. Meli hii haikuwa na bomba la nje la kurudishia matope wala vali kubwa za kuziba mlipuko kama mitambo ya mafuta, kwa hiyo kinga yake ilikuwa kupima: gesi ya methani ikilinganishwa na gesi ya ethani. Uwiano ukianza kuporomoka vibaya, dalili kwamba huenda kuna mafuta au gesi inayopanda kutoka chini, uchimbaji unasimama, hata kama sayansi iliyo chini ni tamu kiasi gani. Karibu na mwambao kama wa Msumbiji na Tanzania, kulikogunduliwa gesi asilia baharini, kijiko hicho si cha kupuuzia.

## Buluu juu

Kosa baya kuliko yote melini halina kishindo. Ni kubandika kizibo cha buluu chini.

Kipande kinaingia maabara kikiwa miguu juu. Kinapasuliwa kwa urefu: tope laini kwa waya, jiwe kwa msumeno wa almasi. Nusu moja ya kufanyia kazi, nusu moja ya akiba isiyoguswa kwa sampuli. Waya huvutwa kutoka chini kwenda juu, na kila anayechukua sampuli anajua kwamba uso uliopasuliwa huenda umepakwa tope kongwe kutoka chini, hivyo anaukwangua kwanza. Lakini kama "chini" ni juu?

Ndiyo maana lebo zao ni ndefu kama jina la mtu wa ukoo mkubwa. Kitu kama 361-U1476A-5H-3W, sentimita 40 hadi 42. Safari ya 361. Kituo U1476. Shimo A. Nguzo ya 5. H, yaani ilipigwa kwa risasi, haikukatwa kwa kuzunguka. Kipande cha 3. Nusu ya kufanyia kazi. Sentimita ngapi kutoka kizibo cha buluu. Ondoa herufi moja na tope hilo halina thamani kuliko la kufinyangia chungu.

Kituo hicho kipo kweli. Kiko kwenye Ukingo wa Davie, tuta refu chini ya bahari kwenye lango la kaskazini la Mlango wa Msumbiji, na meli ilikichimba mapema mwaka 2016 katika safari iliyoanzia Mauritius na kuishia Cape Town. Tope lake linarudi nyuma takriban miaka milioni 7.

## Saa sita hadi saa sita

Zamu zilikuwa mbili. Saa sita mchana hadi saa sita usiku, na saa sita usiku hadi saa sita mchana, kila siku, miezi miwili, hakuna Jumapili wala Ijumaa. Watu zaidi ya 100. Vyumba viligawanywa kwa wawili wa zamu tofauti ili kila mmoja apate kulala peke yake. Chakula kilitoka mara nne; cha saa tano usiku hadi saa saba kilikuwa cha kuanzia zamu kwa mmoja na cha kumalizia kwa mwingine, kwa hiyo mezani mmoja alikuwa na mayai na mwenzake nyama. Pombe haikuwepo.

Nilikuwa nadhani sehemu hii ni ya kupumzisha msomaji. Sivyo. Zamu nazo zina pengo lake.

Mtu wa mchana anatazama tope anaandika kijivu-kijani, lina mashimo ya minyoo kwa wastani. Saa sita inagonga, anakuja wa usiku, anatazama tope lilelile anaandika kijivu-mzeituni, mashimo mengi. Ukichora maelezo yao kwenye karatasi, unaona bahari ikibadilika tabia kila baada ya nguzo kumi na kitu. Bahari haikubadilika. Ni zamu.

Wanayo kadi za rangi za kulinganishia, wanakaa pamoja dakika za makabidhiano, wanapasua nguzo moja na kuiangalia wote wawili mwanzoni mwa safari ili wakubaliane. Hupunguza, haiishi. Mimi naona hapa ndipo mashine zinapostahili heshima yake: pete ya sumaku haijui saa sita.

## Mashariki ya Lamu

Mwaka 1972 meli iliyotangulia, Glomar Challenger, ilipita huku kwetu. Ilitoka Mauritius, ikaishia Durban. Njiani ilitoboa kituo kilichopewa namba 241, karibu kabisa na latitudo ya Lamu, kama kilomita 400 mashariki yake, kwenye maji ya zaidi ya mita 4,000. Ilishuka mita 1,174 chini ya sakafu ya bahari.

Ile risasi ya mita 9.5 haikuwepo bado. Chombo cha kupiga kilianza kutumika mwishoni mwa muongo huo. Walichimba kwa kuzunguka, wakichukua nguzo hapa, wakiruka, wakichukua tena kule. Kuruka kulikuwa ndiyo mpango. Tope laini la juu lilikorogwa na keekee.

Na bado, zaidi ya miaka arobaini baadaye, watafiti walirudi kwenye nguzo hizo wakatafuta humo nta ya majani. Majani ya bara huacha nta, upepo na mito huibeba baharini, na kaboni iliyomo hutofautisha miti na nyasi za savana. Wakaona nyasi zikianza kutanda Afrika Mashariki tangu kama miaka milioni 10 iliyopita. Kwa tope lililochukuliwa kwa kurukaruka!

Hapo nilisita. Kama nguzo mbovu za 1972 zilitoa habari kubwa hivyo, je, kushona mashimo matatu ni ufundi au ni wasiwasi? Nimeligeuza sana swali hili. Ninachoona ni kwamba nta ile ilijibu swali la mamilioni ya miaka, ambalo pengo la mita moja halilivurugi. Ukitaka kujua nyasi zilipanda na kushuka namna gani pamoja na kila mzunguko wa mvua, hapo unahitaji kila sentimita, na hapo 241 inanyamaza. Mtu asilaumu nguzo kwa swali ambalo haikukatwa kulijibu.

JOIDES Resolution ilimaliza safari yake ya mwisho ya kisayansi Agosti 2024, ikitoka Mlango wa Fram kule Aktiki na kuingia Amsterdam. Fedha za kuiendesha zilikuwa hazitaendelea. China ina meli mpya, Meng Xiang. Japani ina Chikyu.

Nguzo za Bahari ya Hindi zinatunzwa Kochi, Japani, kwenye ghala la nyuzi 4 za Selsiasi. Kila kipande kimelala kwenye trei yake, kizibo cha buluu upande mmoja. Mashariki ya Lamu, hakuna aliyerudi kupiga shimo B.